Walivyoifuta Besi ya Baba

Mwaka jana, mwanzoni mwa msimu wa korosho, nilikuwa nimesimama nje ya duka moja la kutengeneza simu pale Ruangwa mjini, nasubiri kioo cha simu yangu kibadilishwe. Mlangoni fundi alikuwa ameweka sabufa kubwa, nyimbo zinapita moja baada ya nyingine kama ilivyo kawaida ya maduka hayo, sina habari nazo. Halafu ukaingia wimbo wa bendi ya baba yangu.

Niliutambua kabla mwimbaji hajafungua mdomo, kwa zile noti tano za gita la solo mwanzoni. Nilifurahi. Nakiri hilo, ingawa furaha yenyewe haikudumu hata dakika. Gita la pili likaingia, drams zikaingia, na mahali ambapo besi ya baba inatakiwa kuingia pakaingia kitu kingine: mvumo mnene, laini, umenyooka kama umepigwa rula, unatikisa vioo vya kabati la duka na hausemi neno.

"Wimbo wa zamani huu, mama, wameutengeneza upya," fundi aliniambia, akaongeza sauti akidhani naufurahia. "Sikia mdundo huo."

"Besi iko wapi?" nikamuuliza.

"Si hiyo inayogonga?"

Alipomaliza kioo nilimlipa. Nilichukua simu yangu nikaenda zangu nyumbani na hasira ambayo mpaka leo naandika haya haijaisha.

Naomba nieleze vizuri, kwa sababu nimechoka kuambiwa kwamba nalilia jambo dogo. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nakaribia kustaafu. Baba yangu ni mkulima wa korosho na ufuta kule Naipingo, wilaya ya Nachingwea, na katika ujana wake alipiga gita la besi kwenye bendi moja ya dansi pale Nachingwea mjini. Bendi ile ilirekodi nyimbo sita tu maisha yake yote. Waimbaji walitajwa redioni. Mpiga solo alitajwa. Baba hakutajwa hata siku moja. Yeye hakulalamika, lakini mimi nimelelewa ndani ya sauti ya besi ile, naijua kama ninavyokijua kikohozi chake.

Watu wanadhani besi ni kazi ya aliyeshindwa solo. Nyuzi nne nene, unagonga tu, hata ukikosea hakuna anayejua. Nimeyasikia maneno hayo harusini, nimeyasikia kwa walimu wenzangu, nimeyasikia hata kwa wapigaji solo ambao bila besi nyuma yao wangesikika kama watu wanaogombana na kuku. Baba alikuwa akisema kwamba anayesema hivyo hajawahi kuitoa besi kwenye wimbo akaona kinachobaki.

Gita lake alilinunua Dar es Salaam, miaka ya sitini ikielekea mwisho, alipokwenda na wenzake kutafuta vyombo. Dukani yalikuwepo magita mawili ya besi. Moja lilikuwa la mbao nzito isiyo na uwazi ndani, jekundu, linang'aa, shingo ndefu, lile lililokuwa kwenye picha za bendi za Ulaya walizokuwa wakikata magazetini. Wenzake wote walimwambia achukue hilo. La pili lilikuwa jepesi, tupu ndani, limekatwa kwa umbo la fidla kubwa, shingo fupi. Hata mwenye duka alilidharau, akasema hilo ni la mtu anayejifunza. Baba akachukua la fidla.

"Kwa nini?" nilimuuliza nilipokuwa mdogo.

"Kwa sababu Naipingo hakuna umeme."

Ndiyo hivyo tu. Gita la mbao nzito bila amplifaya halisikiki hata na anayelipiga. Lile tupu ndani linasikika kidogo, na ukiliegemeza kwenye kabati la nguo, kabati zima linaitikia. Ndivyo baba alivyofanya mazoezi miaka yote, na ndivyo nilivyojifunza mimi kuisikiliza besi, sikio limelala kwenye mlango wa kabati lenye harufu ya nguo za mama. Na kwa kuwa lilikuwa tupu na shingo yake fupi, lilitoa sauti ya mviringo, inayogonga na kunyamaza, haining'inii. Nyuzi zake zilikuwa zile zilizoviringishiwa utepe bapa, laini ukipitisha kidole. Hakuzibadilisha mpaka zikatike. Alisema uzi mpya wa besi unalia kama bati, lazima uzeeke ndipo uanze kuongea.

Kuhusu muziki wa roki, alikuwa na mwalimu mmoja tu, nayo ni santuri. Rafiki yake, fundi wa matrekta pale Nachingwea, alikuwa na pleya ya kutumia betri na santuri chache za Waingereza na Wamarekani wa miaka ile ya sitini. Baba alikuwa akiviazima vyote siku ya Jumapili. Mama alikuwa anatoka nje, hakuupenda muziki ule, alisema ni watu wanaopiga kelele kwa sababu ya baridi ya kwao. Nabaki mimi na baba.

"Sikiliza chini," aliniambia mara ya kwanza. "Achana na anayeimba."

Aliweka santuri ya zamani kidogo. Besi ilikuwepo lakini mbali, kama mtu anayetembea chumba cha pili. Kisha akaweka nyingine, ya bendi ileile, ya miaka michache baadaye. Safari hii mtu yule alikuwa ameingia sebuleni akavuta kiti.

"Ni watu walewale," baba alisema. "Besi ni ya mtu yuleyule. Kimebadilika nini?"

Nilisema labda alikuwa amejifunza zaidi.

"Hapana. Kupiga alikuwa anajua tangu mwanzo. Waliobadilika ni waliokuwa wanamrekodi."

Hayo hakuyatoa kichwani. Aliyamegewa na fundi mitambo wa studio ya Dar es Salaam walikokwenda kurekodi zile nyimbo sita, mtu aliyesomea kazi hiyo ng'ambo. Baba alinisimulia mazungumzo yao mara nyingi sana, kiasi kwamba naona kama nilikuwepo. Fundi yule alimwambia kwamba kule Ulaya mafundi walikuwa wanaiogopa besi. Ukiiweka nzito kwenye santuri, mfereji unakuwa mpana, sindano inaruka, mteja anarudisha santuri dukani. Kwa hiyo walikuwa wanaipunguza, wanaipunguza, mpaka inabaki kivuli. Halafu wakatokea vijana wakakataa. Wengine waliirekodi besi peke yake, mwisho kabisa, baada ya vyombo vingine vyote, ili iwe na nafasi yake. Wengine waliliunganisha gita moja kwa moja kwenye mtambo, amplifaya ikae pembeni. Kuna waliochukua spika, wakaigeuza iwe maiki, wakaielekeza kwenye amplifaya ya besi, kwa sababu maiki ya kawaida ilikuwa haiwezi kubeba uzito ule.

"Spika kuwa maiki?" nilimuuliza. Sikuamini.

Baba aliifungua redio yetu iliyokufa, akatoa spika yake, akaiunga kwa waya kwenye redio kaseti ya jirani pale penye tundu la maiki, akaniambia niseme jina langu. Nililisema. Likatoka limekoroma kama la mtu mwenye mafua, lakini lilitoka.

Studio ya Dar haikuwa na vitu vya kifahari. Maiki zilizokuwa nzima zilikuwa mbili, moja ya mwimbaji, moja ya watu wengine wote. Mnapiga pamoja, mkikosea mnarudia wote. Fundi alitaka amplifaya ya baba ikae pembeni kabisa, nyuma ya drams. Baba akamwomba aiweke juu ya kiti, isiguse sakafu, kwa sababu ikiwa chini ilikuwa inavuma na kuzimeza ngoma. Kisha akatoa mfukoni kipande cha sponji alichokikata kwenye kochi la nyumbani, akakisukuma chini ya nyuzi, karibu na pale zinapofungwa. Hapo kila noti ikawa inagonga na kufa, haigusani na ya jirani yake. Na hakupiga kwa kidole. Alipiga kwa kipande cha plastiki alichokikata kwenye mfuniko wa ndoo.

"Kwa nini hutumii kidole gumba kama wenzako?" fundi alimuuliza.

"Kwa sababu mama yangu ana redio ndogo," baba alimjibu. "Spika yake ni kama kisosi. Nikipiga kwa kidole atasikia wenzangu, mimi hatanisikia."

Fundi alicheka, akaacha maiki, akaenda kusogeza kile kiti yeye mwenyewe. Baadaye aliisukuma tepu, yaani aliongeza nguvu ya sauti inayoingia, mpaka besi ikaanza kukwaruza kidogo pembeni, akamwambia baba kwamba mikwaruzo hiyo ndiyo itakayomfikia mama yake. Walipomaliza alimpa nakala ya tepu, lile gurudumu kubwa, na baba aliitunza ndani ya kopo la biskuti, imefungwa kwa kipande cha kanga, miaka yote hiyo.

Sasa nirudi kwa huyo aliyeifuta.

Alikuja Naipingo miaka mitatu iliyopita, mtu wa makamo, amevaa vizuri, ana adabu zote. Alisema anatoka kwenye kampuni ya mjini Dar es Salaam inayofufua muziki wa zamani. Alimsalimia baba kwa kuinama, akamwita mzee wetu, akala ugali na kisamvu bila kusita. Mimi nilikuwepo. Nilimpenda. Alisema nyimbo za kusini zinapotea, tepu zinaota ukungu, vijana hawajui walikotoka, na kwamba kampuni yake itazisafisha na kuzihifadhi. Baba alimpa lile kopo. Alitia saini karatasi iliyosema kwamba anaruhusu nyimbo zisafishwe. Nimelitafakari sana neno hilo. Kinachosafishwa ni uchafu. Laiti ningemuuliza siku ile uchafu ni upi.

Baada ya kuusikia wimbo dukani, nilimpigia.

"Shikamoo, mwalimu," alisema kwa furaha. "Habari za siku nyingi?"

"Marahaba. Nimeusikia wimbo wa baba."

"Umeuonaje? Umekaa vizuri, eti?"

"Besi iliyopo siyo ya baba. Ni ya nani?"

"Ni ya kompyuta, mwalimu. Ile ya mzee ilikuwa na mikwaruzo, halafu inakatika katika, haina mvumo. Kompyuta ikaitenganisha, tukaitoa tukaweka ya kisasa. Wimbo ni uleule."

"Ilikuwa inakatika kwa sababu aliweka sponji makusudi."

"Sponji?"

Nilimweleza. Nilimweleza habari ya kiti, ya plastiki ya ndoo, ya tepu iliyosukumwa. Alinisikiliza kama mtu anayesubiri mvua ipungue ili aendelee na safari.

"Mwalimu," alisema nilipomaliza, "tusidanganyane. Siku hizi watu wanasikiliza kwa simu. Simu haitoi besi. Nchi nzima hakuna aliyegundua ila wewe."

"Kama hakuna anayeisikia, mlihangaika kuibadilisha ya nini?"

Alisema ana kikao. Nilimuuliza kabla hajakata: tepu yenyewe iko wapi? Akasema ilikuwa na ukungu, baada ya kuihamishia kwenye kompyuta waliitupa.

Waliitupa. Tepu iliyokaa kwenye kopo la biskuti tangu kabla sijaanza shule, iliyopona panya, iliyopona mvua iliyoangusha ukuta wa jikoni kwetu, iliyokuwa inatolewa nje kila mwaka ipigwe hewa kivulini, mtu mwenye ofisi na kiyoyozi aliitupa kwenye pipa.

Kesho yake nilianza kumpigia tena. Nilitaka kile walichokihamishia kwenye kompyuta kabla ya kukigusa. Alisema huenda kipo. Kisha akasema anakitafuta. Kisha akawa hapokei. Nilimpigia wakati wa mapumziko ya saa nne, nikampigia baada ya kipindi cha mwisho, wiki baada ya wiki, mpaka walimu wenzangu wakaanza kunitania kwamba nina mchumba Dar. Sikuwa na hamu ya utani. Mwishowe nilimtumia ujumbe kwamba nitakuja mwenyewe na mzee wangu, tutakaa mlangoni mwa ofisi yake. Siku ya nne yake flashi ikaja kwa basi, ndani ya bahasha ya kaki, haina hata barua.

Kompyuta ya kuichezea sikuwa nayo. Kulikuwa na studio moja pembezoni mwa mji, kwenye barabara ya kwenda Mbekenyera, chumba kimoja ambacho kuta zake zimebandikwa trei za mayai. Mwenyewe ni kijana wa miaka thelathini hivi, Msukuma, wa zile familia za wafugaji zilizokuja huku na ng'ombe wao kutoka kanda ya Ziwa. Sikuwahi kuingia mle. Niseme ukweli, nilikuwa mmoja wa wanaowalalamikia watu wale. Ng'ombe waliingia kwenye ufuta wa baba msimu uliopita, na nilikuwa na maneno makali juu yao kama mwingine yeyote. Lakini studio nyingine sikuwa naijua.

Alinipa kiti, akavaa spika za masikioni, akafungua faili. Alisikiliza akiwa amefumba macho. Wimbo ulipoisha aliurudisha mwanzo. Mara ya pili alisimamisha katikati.

"Mwalimu, huyu mtu alifunga nini kwenye nyuzi zake?"

"Sponji ya kochi," nikasema.

"Na hapigi kwa kidole."

"Mfuniko wa ndoo."

Alivua zile spika akanitazama. "Anaishi bado?"

Nilimwambia yupo Naipingo. Halafu nikamweleza habari ya tepu na kampuni, pamoja na yale ya mtu wa mjini kwamba besi haisikiki kwenye simu. Aliinuka akachukua kutoka kwenye msumari redio ndogo ya flashi, zile ambazo wachungaji wanazivaa shingoni porini siku nzima. Alisema wateja wake karibu wote wanasikilizia humo. Anawarekodia waimbaji wa kwao, kazi inatoka kwenye kadi ndogo ya kumbukumbu, inaingia kwenye redio kama ile, na mchungaji asiposikia besi hanunui tena. Kwa hiyo jambo la kwanza alilojifunza ni kuifanya besi isikike kwenye spika ya ukubwa wa kisosi. Alilisema neno hilohilo, kisosi, na mimi sikuwa nimemsimulia habari za redio ya bibi yangu.

Akanakili nyimbo mbili kwenye kadi moja, ule wa kampuni, niliokuwa nao kwenye simu, na ule wa faili ghafi. Akaichomeka redioni, akaiweka juu ya meza.

Ukapigwa kwanza wa kampuni. Ule mvumo uliokuwa unatikisa vioo vya duka haukuwepo. Haukupungua, haukuwepo kabisa. Zilisikika solo na drams na mwimbaji, na chini yao hakuna kitu, wimbo unaelea kama nguo kwenye kamba. Kisha akapiga ule mwingine. Na kwenye kile kiredio cha plastiki, mikwaruzo midogo ile waliyoiita uchafu ikaibeba besi ya baba yangu, noti baada ya noti, kila moja inagonga na kunyamaza, unaweza kuzihesabu.

"Huyo bwana wa mjini," kijana alisema taratibu, "hata kwenye simu hakujaribu."

Hapo ndipo hasira yangu ilipopata miguu. Mpaka siku ile kulikuwa na sauti ndogo ndani yangu inayoniambia kwamba huenda mimi ni binti tu anayempenda baba yake, kwamba wao ni wataalamu na mimi mwalimu wa hesabu. Sasa niliona kwamba hawakuwa na utaalamu wowote katika jambo hili. Waliondoa kitu ambacho hawakukielewa, wakaweka kitu kisichofanya kazi mahali pale ambapo wao wenyewe walisema ndipo watu wanaposikilizia. Baba hakuwa na umeme nyumbani, na aliwaza mbali kuliko wao. Alimfikiria msikilizaji, mama mmoja mwenye redio mbovu, akachagua gita kwa ajili ya kabati na plastiki kwa ajili ya kisosi. Wao hawakumfikiria mtu yeyote.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda Naipingo. Kijana yule aliniazima redio yake. Basi mpaka Nachingwea, kisha bodaboda. Baba alikuwa uani anapembua ufuta wa mbegu, amekaa kwenye kigoda. Masikio yake siku hizi si mazuri, lakini sauti za chini bado anazipata vizuri kuliko maneno ya watu.

Nilimsikilizisha kwanza ule wa kampuni, kwenye spika kubwa ya mjukuu wake, ili asikie walichofanya. Alisikiliza mpaka mwisho akiwa ameshika ungo.

"Huyo nani?" akauliza.

"Ni mashine, baba."

"Hapumziki," alisema. "Mtu akipiga hivyo mikono inavimba." Akaendelea kupembua. Kisha akaacha tena. "Na jina la bendi yetu wameliandika?"

"Wameliandika."

"Basi watu watadhani ni mimi."

Hicho ndicho kilichomuuma. Kufutwa alikuwa amekuzoea, alifutwa tangu ujana. Kuvalishwa kazi ya mwingine, tena mbovu, kilikuwa kitu kipya. Nikaogopa kwamba nimefanya vibaya kuja. Nikaiweka haraka ile ya asili, kwenye redio ya mchungaji, nikampa aishike mwenyewe sikioni.

Alitulia. Mkono wake wa kushoto ulianza kubonyeza bonyeza juu ya goti. Kwenye ubeti wa pili vidole vikasimama ghafla.

"Hapo," alisema. "Umesikia? Niliingia mapema. Mpiga drams alinitazama kwa jicho baya, nikajua tutarudia. Fundi akakataa, akasema acha hivyo hivyo."

Nilikuwa nimeusikia wimbo ule maisha yangu yote na kosa lile sikulijua. Tuliurudia mara nne ili anionyeshe. Kwenye toleo la kampuni, bila shaka, kosa halipo.

Akaniuliza redio ni ya nani. Nilipomwambia ni ya Msukuma wa studio, akakunja uso. "Wa hawa waliokula ufuta wangu?"

"Siyo yeye, baba. Yeye anarekodi."

Aliigeuza ile redio mkononi, akaitazama spika yake ndogo, akasema kijana huyo siku moja aje, lakini ng'ombe awaache hukohuko. Alikuja kweli, mwezi uliofuata, kwa pikipiki yake, na maiki moja kwenye mkoba. Mchana kutwa walikaa chumbani na lile gita la fidla, limeegemezwa kwenye kabati la mama aliyekwishatangulia, maiki imeelekezwa kwenye mlango wa kabati badala ya gita. Sikuwaelewa nusu ya walichokuwa wanabishania. Baba alirekodi vipande viwili, akachoka, akasema vidole siyo vile. Kijana akasema vinamtosha.

Kampuni niliiandikia barua. Baba alitaka jambo moja tu, waandike chini ya wimbo kwamba besi hiyo siyo yake. Hakutaka kingine. Nilidhani ni ombi jepesi. Barua ya kwanza haikujibiwa. Ya pili ilijibiwa kwa ujumbe mfupi wa simu wenye alama ya mikono miwili iliyounganishwa na maneno kwamba wanathamini mchango wa wazee wetu. Kuthamini gani huko kusikoweza kuandika mstari mmoja wa ukweli? Wimbo wao bado upo, unapigwa, unasifiwa kwa mdundo wake. Mwezi uliopita mwalimu mwenzangu aliniambia, kwa nia njema kabisa, kwamba kumbe mzee wangu alikuwa anajua kupiga besi nzito. Nilimvuta mpaka ofisini, nikampigia ule mwingine kwenye simu yangu, nikamsimamia mpaka ukaisha, na kengele ya kipindi ikalia tukiwa bado tumesimama pale.

Wafugaji wa huku wanao ule wa kweli. Kijana anauweka kwenye kadi za wateja wake, katikati ya nyimbo zao, na baba ameruhusu. Lakini kadi za Ruangwa hazifiki Dar, na ule mstari mmoja ninaoutaka mimi uko Dar. Barua ya tatu nimeiandika wiki hii, ndefu kuliko zile mbili, kwa mkono, na nimeeleza ndani yake habari ya sponji tangu mwanzo.